Wastaafu Saba, Baiskeli Saba na Kipimo cha Tezi Dume

Jumapili, Novemba. Samuye. Joto la kungoja mvua. Mawingu yamekuja tangu asubuhi, yamesimama tu upande wa mashariki kama wageni wanaosubiri kukaribishwa.

Shajara yangu, leo nina majivuno. Padri wetu hutufundisha kwamba majivuno ni dhambi, na mimi huwa naungama hata yale madogo, kama kujisifia kitenge kipya. Lakini haya ya leo sijui kama nitayapeleka kwenye kitubio. Nayaandika hapa kwanza. Mungu ayasome, aamue mwenyewe.

Namwonea fahari mume wangu.

Kwa wewe unayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Mama Shija, niliishia darasa la saba, nalima mpunga na viazi, naimba sauti ya pili kwaya ya kigango. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia mwanangu Shija, dereva wa malori kule mgodini Bugarama, baada ya kuchoka na simu zangu ndefu. Mume wangu ni Sajini Taji mstaafu. Majirani humwita Baba Shija. Wenzake waliotumikia naye humwita Afande mpaka leo, hata wakimkuta ameinama anakamua ng'ombe.

Sasa, mstaafu wa jeshi haumwi. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza alipovua kombati. Goti likimuuma, ni kwata. Bega likimuuma, ni bunduki. Kiuno kikimuuma, ni mizigo ya msituni. Wana jina moja la kila kitu: mgongo wa jeshi. Ukishasema mgongo wa jeshi, mjadala umefungwa, unapakwa mafuta ya kuchua, unarudi shamba.

Rafiki yake Limbu aliuguza mgongo wa jeshi karibu miaka miwili. Waliingia jeshini siku moja, yeye na mume wangu, wakagawiwa buti kutoka gunia moja. Limbu alichuliwa, alifungwa mkanda wa kiuno, alishauriwa alale sakafuni. Alipofikishwa hospitali ikaonekana ni saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa. Tulimzika kabla ya mavuno.

Siku ya kumaliza matanga mjane wake alinivuta jikoni. Moshi umejaa, macho yanatutoka machozi, sijui ni ya moshi au ya nini.

"Mama Shija," akaniambia, "mimi nilikuwa naona. Suruali zake nilikuwa nafua mimi. Nikanyamaza, nikasema ndiyo heshima."



Na mimi nilikuwa naona.

Niliona matone kwenye suruali. Niliona anavyosimama chooni mpaka chai inapoa mezani. Hata kanisani niliona. Mtu aliyezoea kukaa benchi la mbele alihamia la mwisho, karibu na mlango, ili aweze kutoka mara mbili kabla ya komunyo. Waumini wakasema Sajini amekuwa mnyenyekevu siku hizi. Mimi nikatabasamu, nikawaacha waamini hivyo. Mwaka mzima nilifua, nikaanika nyuma ya nyumba, nikanyamaza. Naandika haya na aibu inanichoma, lakini nimeahidi kusema kweli hapa.

Nilipotoka matangani nilimwambia. Nilimwambia yote, mpaka la suruali. Alikasirika kimya kimya, na hasira ya kimya ya Sajini ni kama jua la mwezi wa kumi. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya "chumvi" na "maji". Siku ya tatu akasema, "Nimekusikia."

Basi. Neno moja tu, lakini nilimshukuru Mungu kwa hilo moja.

Haikupita muda, ujumbe ukaingia kwenye simu zao. Madaktari wanapima tezi dume kwa wastaafu wa jeshi hospitalini mjini Shinyanga, wenye miaka hamsini na kuendelea waje, kinachochukuliwa kwanza ni damu tu. Hapa kwetu wastaafu wako saba. Wakakutana uani kwetu, na mimi nikiwa nachambua mchele pale pale, hakuna aliyenifukuza.

Kilichowasumbua si damu. Ni kidole cha daktari, kile cha kupimia tezi kwa nyuma. Habari za kidole zilikuwa zimewatangulia kutoka kila mnada wa ng'ombe.

"Mimi nimelala na nyoka kwenye handaki moja," alisema Koplo Nkwabi, ambaye hajawahi kufunga mdomo tangu ubatizo. "Sijamwogopa nyoka, nitaogopa kidole?"

"Nyoka alikuwa nje yako, Nkwabi," mmoja akamjibu.

Wakacheka mpaka kuku wakatawanyika. Mzee Mabula, mkubwa wao kwa umri, akasema kama ni lazima, basi huyo daktari awe na cheo cha meja kwenda juu. Haiwezekani mtu aliyetumikia taifa akaguliwe na raia. Mume wangu aliwaacha wacheke, halafu akasema Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, safari kama kawaida.

Hapo kwenye "kama kawaida" ndipo palipokuwa na kosa, na hakuna aliyeliona, hata mimi.

Wastaafu wa Samuye wana desturi yao. Kila wanapoitwa mjini, iwe uhakiki wa pensheni, iwe maadhimisho, iwe msiba wa mwenzao, hawapandi gari. Wanakwenda kwa baiskeli, safu mbili, umbali sawa kati ya mtu na mtu, na Sajini pembeni akiita hatua. Ndiyo namna yao ya kusema bado tupo. Barabarani malori yanawapigia honi, watoto wa shule wanawapigia saluti. Mimi huwa natangulia na gari la asubuhi nikiwa nimebeba ndoo ya matobolwa, viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na karanga, ili wakifika wapate kula.

Siku hiyo niliwaona wakiingia geti la hospitali. Saba, mashati meupe, jasho linawachuruzika, kengele zote zinalia kwa pamoja. "Simama! Shuka!" Wakashuka kama mtu mmoja. Baiskeli zikapangwa ukutani, usukani wote umeelekea kushoto. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walipiga makofi. Nami nilipiga, ndoo yangu miguuni.

Daktari akatoka. Binti, umri wa Shija wangu, koti jeupe na viatu vya mpira. Si meja.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba!" Wakaitikia kwa sauti ya gwaride mpaka akarudi nyuma hatua moja.

"Mmetokea wapi?"

"Samuye!"

"Kwa gari gani?"

Nkwabi akamwonyesha ukutani kwa kidevu, kifua mbele, kama anaonyesha vifaru.

Yule binti akashika kichwa. Akawaeleza taratibu, kwa heshima. Kiti cha baiskeli kinabana pale pale tezi ilipo. Mtu akiendesha mwendo kama ule, damu yake inaweza kuonyesha namba kubwa na kumbe hana kitu. Mkipimwa leo, akasema, nitawatisha bure. Rudini Jumatano ijayo, na siku chache kabla ya hapo msiguse baiskeli kabisa.

Halafu akatazama karatasi zake. "Na mambo ya ndani na mama zetu pia, wazee wangu, mpumzike siku mbili tatu."



"Dokta," Nkwabi akasema, "hilo la baiskeli ndilo gumu. Hilo la pili lilishastaafu kabla yetu."

Nilijifunika uso na khanga. Lakini nilicheka, Mungu anajua nilicheka.

Walirudi Samuye na baiskeli zile zile, maana zingebaki wapi. Safu ilikuwepo ila kengele hazikulia.

Na hapa nakiri jambo la pili. Wazee waliporudi bila kupimwa, ndani yangu kuna kitu kilipumua. Nikasema wiki moja zaidi ya kutokujua. Nilikuwa nimemsukuma mume wangu aende, na mimi mwenyewe nikawa naomba barabara iwe ndefu. Moyo wa mtu ni nyumba yenye vyumba vingi, na vingine hatufagii.

Wiki ile ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Msukuma wa kwetu akionekana anatembea kwa miguu kwenda mnadani, kila mtu anauliza.

"Mwangaluka, Sajini! Baiskeli imeibwa?"

Siku ya kwanza alisema ipo kwa fundi. Nilimsikia akidanganya na nikamhurumia. Siku ya pili habari zilikuwa zimeshafika. Vijana wa mnadani wakaanza: jeshi limenyang'anywa usafiri, jeshi linasubiri kidole. Mmoja akakinyanyua chake hewani mume wangu alipopita. Sajini hakugeuka. Alinunua kamba ya ng'ombe aliyoifuata, akaikunja vizuri, akarudi kwa miguu.

Lakini wenzake walisikia, na maneno yaliwaingia. Mmoja akapata safari ya ghafla ya Kahama. Mwingine akasema shamba limeingiliwa na mbuzi. Mzee Mabula akatuma salamu kwamba amejichunguza mwenyewe, ni mgongo wa jeshi tu.

Jumatano ya pili tulisimama kituoni mimi na mume wangu, wawili. Gari la kwanza likapita. Akaliacha lipite. Nilijua anawangoja, na nilijua hawaji. Nikawa nasali tasbihi mfukoni kwa vidole, nimefika fumbo la tatu, nikimwomba Mama Maria asimruhusu huyu mtu aseme turudi nyumbani. Maana angesema turudi, sijui kama ningekuwa na nguvu ya kumpinga. Nilishaungama hapo juu.

"Baba Shija," nikamwambia, "hawaji."

"Lindo halihamwi kwa sababu mwenzako amelala," akasema.

Gari la pili lilipokuwa linasimama, tukamwona Nkwabi anakuja mbio, viatu mkononi.

"Afande! Nilijua hutakuja. Nikasema nije nihakikishe, ili nikucheke."

"Na mimi nilibaki nikucheke wewe. Panda."

Damu ilichukuliwa kwa dakika chache. Majibu tuliyafuata baadaye kama tulivyoelekezwa. Nkwabi namba yake ilikuwa shwari. Akauliza kama anaweza kupewa cheti akakitundike ukutani. Mume wangu namba yake ilikuwa juu. Daktari akamwomba ampime na kwa kidole.

Niliwaza atakataa. Kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniruhusu hata nimkate kucha za miguu. Lakini alivua kofia, akanikabidhi, akaingia. Mlango ukafungwa. Nkwabi naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakusema neno.

Akatoka, akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Vipi, Afande?"

"Siku ya kwanza ya ukuruta ilikuwa mbaya zaidi."

Nkwabi alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichofuata kilikuwa kirefu. Tukaandikiwa hospitali kubwa Mwanza. Kule walimchukua vinyama vidogo vidogo kwa sindano, tukarudi kungoja. Wiki za kungoja hizo sikuandika hapa, mtanisamehe. Nilikuwa nasali tu. Yeye alikuwa anajenga zizi ambalo halikuwa limebomoka.

Siku ya majibu aliingia peke yake kama kawaida yake. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje, nimekumbatia mfuko wa chakula. Alipotoka alikaa pembeni yangu, akaniambia kwa sauti ile ya kusoma taarifa:

"Ni saratani. Ipo ndani ya tezi, haijatoka nje. Inatibika. Watatuita kupanga matibabu, kama ni upasuaji au mionzi."

Nilimshika mkono. Akaniachia niushike, mbele za watu wote.

Baadaye kidogo akasema, "Nilimuuliza daktari, ningekuja mwakani je? Hakunijibu, Mama Shija. Alinitazama tu."

Tulikaa pale mpaka ugali ukapoa mfukoni.

Ningeishia hapo na bado ningemshukuru Mungu. Lakini kilichonifanya niandike ni cha leo.

Leo baada ya misa aliwaita wenzake wote uani. Walikuja wakidhani ni kikao cha kawaida cha kila mwezi, baiskeli zao wakaziegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Niliwapa chai. Alisimama. Mume wangu si msemaji. Harusi ya Shija alitoa hotuba ya sentensi moja. Leo alisimama, mikono nyuma, akasema:

"Mimi nina saratani ya tezi dume."

Mtu akaweka kikombe chini. 

Akawaeleza yote. Matone. Benchi la nyuma la kanisa. Suruali, akasema mkewe alikuwa anafua na kuficha. Kidole, akasema ni muda mfupi kuliko kufunga kamba za buti. Sindano za Mwanza, akasema hizo zinauma, asiwadanganye. Mimi nilikuwa mlangoni na birika mkononi, nikasahau kumimina. Mtu huyu alishindwa kuniambia mimi, mke wake, mwaka mzima. Leo anawaambia wanaume sita mchana kweupe.

Mzee Mabula akakohoa. "Sajini, usije ukawa umeonewa. Huenda ni mgongo wa jeshi."

"Limbu alisema hivyo hivyo, mzee wangu. Jeneza lake tulilibeba wewe na mimi."

Mzee Mabula akashika fimbo yake. Nilidhani atasimama aondoke. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayetoa mwiba, kwamba na yeye hutoka mara kwa mara. Na kwamba siku hizi kuna damu.

"Tangu lini?" mume wangu akauliza.

"Tangu kabla ya Limbu."

Jamani. Mzee huyu ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote. Nkwabi akamsogelea, akamshika bega, akasema, "Basi Jumatano wewe unakaa siti ya mbele, mzee. Cheo kinaheshimiwa." Na Mzee Mabula akacheka kidogo, na kulia kidogo, na hakuna aliyejifanya hakuona.

Watano wote wamekubali. Lakini Sajini anawafahamu watu wake. Akasema maneno ya mdomo hayatoshi, baiskeli hazitoki uani hapa mpaka Jumatano jioni. Wakabisha sana! Mmoja akasema atakwendaje shamba, mwingine akasema mkewe atadhani ameiweka rehani kwa pombe. Alisimama pale pale mikono nyuma mpaka kelele zikaisha. Mmoja baada ya mwingine wakatoa funguo za kufuli, wakamkabidhi kama watu wanaorudisha silaha ghalani. Wakaondoka kwa miguu, wamechangamka, wanasukumana kama wavulana waliotoka shule. Wa mwisho alikuwa Mzee Mabula. Alinipungia, akasema, "Wabeja sana, Mama Shija." Sikujua ananishukuru kwa chai au kwa nini.

Shija amepiga simu kutoka Bugarama. Nilimsimulia.  Kisha akasema, "Mama, huyo ni baba kweli?" Nikamwambia ndiye, mwanangu. Ndiye huyo huyo.

Jumatano mume wangu atawasindikiza mjini. Alhamisi tunapanda basi la Mwanza kupanga matibabu. Sijui watachagua nini, na ninaogopa, nisiseme uongo. Ila jioni hii, nikiwa naosha vikombe, alikuja akasimama karibu na karai. Akasema, "Alhamisi utaingia na mimi kwa daktari. Mimi kule ndani nasikia nusu tu."

Miaka yote mimi ni wa benchi la nje.

Nimechukua daftari la kwaya, nimeandika maswali kwenye ukurasa wa mwisho. Matano ni ya kawaida: chakula, dawa, siku za kulala hospitali, kazi za shamba, na lini atapanda tena baiskeli. La sita linatuhusu mimi na yeye, na siliandiki hapa maana mwanangu anasoma. Ni swali la mke, na jibu lake nina haki ya kulijua.

Je, nitathubutu kuliuliza, mbele ya daktari, naye amekaa pembeni yangu na kofia yake magotini?

Leo nimemwona mwanamume akisema lililo gumu kuliko hilo. Nitauliza.